Nyoka wa Binti Yangu Ametulia

Kaka, leo nyoka amelala kiganjani mwa binti yangu, katulia tuli! Haya, sasa ndiyo nikusalimu: hamjambo huko, wewe na wifi?

Ni yule nyoka mdogo asiye na sumu, aliyekuwa akirusha kichwa kila sanduku lake likifunguliwa. Mwanangu hakumlazimisha. Aliweka humo fulana aliyoivaa, nyoka azoee harufu yake. Mimi na usafi wangu, unanijua, nikaifua na kuipulizia marashi! Nyoka akawa mbogo. Binti akacheka: "Mama, umenirudisha darasa la kwanza." Akaanza upya. Siku hizi anapitisha mkono ubavuni, si kwa juu, anamwinua polepole, dakika tano tu, kisha anamrudisha. Akili hizo kazitoa kwangu, usibishe.

Mwanzoni nilimwambia, "Mbane shingo, atazoea tu!"

Akasema, "Ukimbana hazoei, Mama. Anangoja tu nafasi ya kukimbia."

Nikaiona mikono yake, zile alama alizorudi nazo kutoka kwa mumewe, nikamsogezea sanduku la nyoka aendelee kwa njia yake.

Nimesikia mnapanga kikao cha kumrudisha kwa yule bwana. Mwanangu harudi, kaka. Njooni awaambie mwenyewe, kwa sauti yake, maana sasa anayo. Wasiomwogopa nyoka watampakata.

Ni mimi dada yako, ninayewangoja nyote Jumamosi, saa nane mchana.