Bunduki ya Baba kwenye Bahati Nasibu

Mtaa wa Vesta,
Dunmoor, Pennsylvania.
Jumatatu, 28 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Gene,

Salamu nyingi. U hali gani huko Arizona? Goti linaendeleaje, na Connie presha yake imeshuka? Natumaini jua halijawakausha. Sisi huku hatujambo. Stosh mgongo unamsumbua, kama kawaida yake kila kunapokuwa na kazi ya kufanya, na mvua inanyesha tangu Pasaka. Haya, salamu zimekwisha. Nina hasira na wewe na leo nitazitoa zote, kwa hiyo kaa kitako usome.

Naandika barua kama bibi wa zamani kwa sababu umeifungia simu yangu tangu tulipogombana juu ya kura. Mtu mzima na mvi zako unamfungia simu dada aliyekuogesha! Sawa. Barua huwezi kuifungia, na haya si ya kumpitishia Connie. Nimelipia ile ya haraka, ya kutia sahihi, na mleta barua hataondoka mlangoni mpaka uipokee.

Tuanze na mpira wetu wa Kimarekani, maana najua na wewe ulitazama. Alhamisi, timu za kulipwa zilipoanza kugawana vijana wa vyuo na zamu ya timu yetu ikafika, nchi nzima ilijua tunahitaji nini. Mtoto wa chekechea angejua. Mrusha mpira wetu msimu uliopita alishinda chali zaidi kuliko alivyosimama, kwa sababu hakuna wa kumkinga pale mbele. Na vijana wawili wa kukinga walikuwapo, majitu, hawapiti mlangoni ila kwa ubavu. Wakamchukua nani? Mdakaji! Kijana mwembamba anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na mguu umeshapasuliwa. Stosh alirusha kandambili ikaangusha picha ya harusi yetu. Mimi nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaanza kunijibu.

Wale wenye timu hawajawahi kusukumana na mtu maishani mwao. Wanapenda kinachong'aa. Mtu wa mbele hang'ai, anakaa kwenye matope anapigwa ili mwenzake apate jina. Wewe na Lenny Tarquinio mlicheza mbele bega kwa bega miaka yote ya shule, unajua ninachosema.

Ndiyo, Lenny. Nakuja kwake, usiruke mistari.

Jumamosi ilikuwa bahati nasibu ya bunduki kwenye ukumbi wa zimamoto, kama kila mwaka siku ya mwisho ya kuchagua wachezaji. Televisheni ukutani, soseji, bia, kabichi na tambi zangu, na kila baada ya muda kidogo Walt Dombrosky anatoa namba na mtu anaondoka na bunduki. Unaijua. Wewe na Walt ndio mliokuwa mkiiendesha kabla hujakimbilia jua. Wala usinianzie maneno yako kwamba Marlene amegeuka adui wa bunduki. Nimeangusha kulungu wengi kuliko wewe, na wa kwanza wako nilikuchunia mimi kwa sababu ulikuwa unatapika nyuma ya gari la Baba.

Lakini unajua mwaka huu mapato yalikuwa ya nini? Kofia ngumu mpya za timu ya shule, na kila kofia nyuma imeandikwa sitini na nne. Namba ya Nico. Nico wa Lenny, mtoto wako wa ubatizo, aliyepigwa risasi Oktoba kwenye maegesho nyuma ya uwanja, mechi imekwisha, amebeba kreti la chupa za maji. Vijana wengine walikuwa wakitukanana kwa jambo lisilomhusu hata chembe, mmoja akaenda kwenye gari la mjomba wake akatoa bastola. Basi, Gene, mji wetu ulikaa, ukafikiri, ukaona kwamba njia nzuri ya kumkumbuka mtoto aliyeuawa kwa bunduki ni kugawa bunduki.

Nililisema hilo kwenye kamati. Walt akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

“Marlene, dada yangu, mwaka huu hatuweki bastola. Ni za kuwindia tu. Kwa heshima ya mtoto.”

“Kwa heshima! Walt, unajisikiliza lakini?”

“Tukiuza keki tutapata kofia mbili. Unataka wale wengine wacheze vichwa wazi?”

Mikono ikainuka yote ila wangu. Hata wanawake waliolia kanisani mpaka wakashikiliwa, mikono juu. Na mimi bado nikaenda kupika, kwa sababu watu lazima wale. Ndivyo tulivyo hapa.

Sasa sikiliza lako. Naingia ukumbini na sufuria, napita mbele ya meza ya zawadi, naona nini? Bunduki ya Baba. Ile yenye kitako alichokikwaruza herufi zake kwa msumari. Roho ilinipaa. Nikadhani imeibiwa. Namuuliza Walt, ananiambia kwa furaha kabisa, “Gene ametoa! Alimpigia mwanawe Bobby akaitoe kabatini. Ametuma na ujumbe mzuri juu ya Nico.”

Ebo! Wewe? Mtoto ulimshika mwenyewe kwenye maji ya ubatizo, akazikwa, hukuja. Goti, ukasema. Goti lile lile ulilopigia picha kwenye uwanja wa gofu wiki iliyofuata, usifikiri binti yako Trish hakunionyesha. Ulituma shada la maua kubwa kuliko jeneza. Halafu mwezi wa nne unakumbuka msiba na kutuma bunduki! Na ni ya Baba, hujaniuliza hata kwa kadi ya posta. Nikiwa nayo ningeificha, nikiambiwa ningeizuia, na wewe ulilijua hilo ndiyo maana ukapitia kwa Bobby.

Na mwanasiasa naye akaja. Todd Halvern, anayetaka kiti cha bunge la jimbo. Hasara ya kitambaa. Jezi mpya ya timu yetu, lebo ya dukani bado inaning'inia kwapani. Usifurahi kwamba si wa chama chako, maana wale wa chama changu nao walituma mtu wao Novemba, akalia mbele ya kamera, akaondoka kabla kahawa haijapoa. Wote walewale. Akazunguka anagawa kadi zenye sura yake. Alipofika kwenye sufuria zangu nikamuuliza:

“Bwana Halvern, Alhamisi ungemchagua nani wewe?”

“Mama, mimi naamini kila kijana anastahili nafasi.”

“Nimekuuliza mpira, baba, sikukuomba mahubiri.”

Watu wakacheka, na yeye akacheka, meno tu. Nikamwambia sawa, tuache mpira, tuambie la risasi. Mtoto wa miaka kumi na tisa, kama yule aliyeua, anapataje bastola garini kama anavyopata mwavuli? Akaweka mkono moyoni. “Mama, kwa heshima ya familia, leo si siku ya siasa.” Mkono wa pili bado unanipa kadi! Nikaichovya kwenye kabichi nikamrudishia. Stosh anasema nilimwaibisha. Vizuri.

Kisha ikaja zamu ya bunduki ya Baba. Walt akasoma namba. Akasoma tena. Kule nyuma kabisa penye makoti, mtu akainuka polepole na tiketi mkononi, na alikuwa Lenny.

Hakuna aliyejua kwamba yumo. Alikuwa amenunua tiketi kama baba yeyote wa timu anavyonunua, kwa ajili ya kofia, kwa ajili ya namba ya mwanawe. Walt angeweza kusema tumekosea, nasoma upya. Mimi ningeweza kumwaga sufuria. Badala yake mtu mmoja akapiga makofi, maana mshindi hupigiwa makofi, na wote wakafuata. Gene, walisimama wakampigia makofi. Wengine wanalia na wanapiga makofi. Sijawahi kuwachukia watu wangu kama dakika ile.

Muuza silaha aliyeletwa na kamati akaingiza jina lake kwenye kompyuta, kama sheria inavyotaka, aone kama aliwahi kushtakiwa. Safi, hana kosa lolote duniani. Halvern hajui ni nani yule, akaja mbio na mpiga picha wake, akamkumbatia bega.

“Hongera, mzee wangu! Sasa utaanza kulenga nini na hii?”

Lenny akaitazama bunduki.

“Sijafikiria bado.”

Yule bwana akacheka na picha ikapigwa. Walt akampa na kisanduku cha risasi, kwa sababu kila zawadi ina kisanduku chake na hakuna aliyekuwa na akili ya kukificha. Lenny akashukuru, akatoka kwenye mvua. Kofia za watoto zitanunuliwa zote. Kamati imefurahi sana.

Jana baada ya misa nilikwenda kwake na sahani ya chakula. Mkewe Angela hayupo, yuko kwa dada yake tangu Februari, lakini nyumba ni safi kuliko yangu, na hilo silipendi. Mbwa hayupo. Namuuliza mbwa yuko wapi, anasema amempa jirani. Gari la Nico ameliuza. Funguo za karakana amezitundika msumarini, kila mmoja una kikaratasi cha kueleza ni wa nini. Uliwahi kumjua Lenny kuwa mtu wa vikaratasi? Bunduki iko juu ya kitanda cha Nico, imesafishwa, imepakwa mafuta, na kisanduku kando yake.

Nikajitia mchangamfu. Nikasema, “Lenny, hebu niazime hiyo bunduki, Stosh anataka kuitengeneza kitako.”

“Kitako kizima.”

“Basi niazime tu. Ni ya Baba, nimeikumbuka.”

“Ni ya Gene. Gene akiitaka, anajua ninapokaa.”

“Gene yuko mbali, Lenny.”

“Najua. Oktoba pia alikuwa mbali.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angepiga kelele, kelele nazijua. Niliyaangalia macho yake nikaogopa, na unanijua, mimi si mtu wa kuogopa.

Usiniambie niite polisi, nimeshawaita. Mtu mzima, bunduki yake, hajamtisha mtu, wanasema, wamesikitika sana. Padre amegonga mlango, hakufunguliwa. Angela nimempigia, analia tu. Stosh na mgongo wake yuko ndani ya gari mbele ya nyumba ya Lenny tangu jana mchana, ana chupa ya kahawa, anajifanya anasikiliza redioni wachambuzi wakimsifu yule mdakaji. Taa ya chumba cha Nico ikizimwa ananipigia, ikiwashwa ananipigia. Hatuwezi hivi wiki nzima.

Kwa hiyo ukimaliza ukurasa huu unapanda ndege. Usinipe habari za goti. Usimtume Bobby. Ukifika usipite kwangu, wala usijifanye umekuja kunisalimia. Nenda moja kwa moja kwa Lenny, gonga, sema, nimekuja kuchukua bunduki ya Baba, nilikosea kuitoa. Kama huamini kwamba ulikosea, sema hivyo hivyo. Akikutukana, tukanwa. Akikupiga, simama upigwe, ndiyo kazi uliyofundishwa pale mbele. Usitaje kura, usitaje sheria, usimpe pole ya kadi. Ukishaishika bunduki mpe Stosh nje, halafu rudi ndani ukae. Sikukuita kwa ajili ya bunduki tu. Kwa mtu aliyechoka kuishi kamba na daraja vipo, hata mimi najua.

Nisalimie Connie, simkasirikii yeye. Trish mwambie shangazi yake anampenda na asisome barua hii. Stosh anakusalimu kutoka garini. Bobby hana salamu kwako, maana nimemkataza kusema na mtu yeyote mpaka nimmalizie yake. Mungu akuangazie njia, akupe kiti karibu na mlango, na akuondolee uoga ambao sote tunakuonea haya kuutaja.

La mwisho. Nilipokuwa natoka jana Lenny alinifuata mpaka kibarazani, amesimama na sahani yangu mikononi kama hajui kuirudisha. Akaniuliza: “Marlene, siku ile kanisani tulipombatiza Nico, Gene aliulizwa kitu na padre, akaitikia ndiyo. Aliulizwa nini? Nakesha nakikumbuka, hakiji.”

Mimi ninakumbuka neno kwa neno: uliulizwa kama uko tayari kuwasaidia baba na mama wa mtoto huyu. Sikumwambia, Gene. Anakungoja wewe.

Dada yako anayekupenda, na asiyetaka jibu kwa barua,

Marlene