Ardhi Imemkataa Baba

Tolo, 9 Oktoba 1991

Kaka yangu mpenzi Argyris,

Pokea salamu za dada yako. Natumai huko Melbourne wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma. Wageni wamejaa hotelini mpaka mwezi huu. Asubuhi wanapanda mabasi kwenda kutazama magofu ya Mikene, nasi tunabaki kutandika vitanda.

Miaka mitatu ya Baba imetimia, kwa hiyo Jumamosi tulikwenda kumfukua tuoshe mifupa, kama ilivyo ada. Nilibeba divai ya kuioshea, na sanduku la kuiwekea nililoliandika jina lake. Kaka, hakuna mfupa tuliouosha. Baba hajaoza. Padri Akakios alijipiga msalaba, akaamuru arudishiwe udongo kwa miaka miwili mingine.

Watu wa hapa unawajua. Hatujatoka hata makaburini, jirani yetu Bi Stamata alishasema kwamba ardhi haimpokei mtu aliyekufa na kinyongo. "Mzee kajifunga kwa ulimi wake," akasema. "Na yule mwanawe naye, kiherehere gani cha kumchongea babake?" Nilinyamaza, kama nilivyonyamaza miaka kumi na saba.

Unakumbuka tulivyochimba msingi wa vyumba vya wageni, tukakuta ukuta wa kale na vyungu vyake. Baba alituapisha tufukie, tusimwambie mtu. Siku ya tatu wakaja watu wa mambo ya kale, wakasimamisha ujenzi, wakazungusha waya, na waya ule upo hadi leo. Kwa kuwa wewe ndiye uliyependa vitu vya kale, Baba alikulaani mbele ya mkahawa mzima, ukapanda meli.

Argyris, ni mimi niliyepiga simu. Baba alikuwa ameshasema vyumba vikiisha nitaacha shule nivisafishe. Nilidhani atagomba wiki moja, yaishe. Ulipoondoka niliogopa, na kila mwaka ukazidi kuniziba mdomo. Mama alikufa akikulilia, mkono wake mkononi mwangu, na bado sikusema.

Jumapili nilisema, kanisani, mbele ya wote. Bi Stamata hanisalimu tena. Padri anasema aliyeonewa anaweza kumfungua marehemu, akisimama kaburini na kumsamehe. Sina haki ya kukuomba kitu. Njoo kwa ajili yake. Kama hutaki kuniona, nitakaa nje ya lango mpaka umalize.

Nisalimie wifi, na watoto nisiowajua.

Ni mimi niliyekunyang'anya baba,
Asimina