Chupa Zangu Kumi na Tisa

Georgia, Agosti 1956

Dada Ozella,

Sisi hatujambo, ila mimi nina hasira na wewe na sitaki kuificha. Kila ulipokuja ulirudi Detroit na sanduku la pichi na bamia nilizopika na kufungia kwenye chupa zangu za kuhifadhia. Mkala, mkasifu, chupa hamkurudisha. Sasa miaka mitatu hujaja, na pichi zimeiva zote kwa mpigo, nami nimebaki na chupa nne. Nimezijaza hizo nne, nyingine wanakula nguruwe. Mume wangu Cleophus ananicheka eti, "Nyama ya mwaka huu itakuwa tamu kama keki, mama watoto!" Sikucheka.

Magunia ya unga nimeyashona mashati ya watoto. Mafuta ya nguruwe nimepikia sabuni. Lakini chupa nitaishonaje, Ozella?

Mama yupo kibarazani ananisaidia kumenya viazi. Jana alinishika mkono akasema, "Ozella mwanangu, mbona umekonda? Huko mjini hawakulishi?"

Nikamjibu, "Wananilisha, Mama." Ningesema nini? Tangu Pasaka ananiita hivyo. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumchana nywele, na jina langu limemtoka. Lako bado analo.

Chupa zangu zilizo kwako ni kumi na tisa, nazijua. Usizitume kwa posta, zitavunjika. Zilete mwenyewe, na uje kabla hajalisahau na lako.

Mdogo wako,
Verdell