Lori Lililozamishwa Kitangiri

Jumapili, mwaka wa arobaini tangu niondoke Iramba.

Mjukuu wangu Mariamu, marahaba. Bibi yako mzima, ila magoti. Waniuliza tena kwa nini sirudi, huchoki!

Enzi za Mwingereza nilikuwa mkalimani. Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita afisa wao wa uvuvi, aliamuru lori bovu lizamishwe Ziwa Kitangiri, samaki wazaliane ndani yake. Upuuzi mtupu. Mhunzi wetu akamwambia, “Ziwa hili hukauka! Tupeni hicho chuma tufue majembe.” Nikaogopa kumuudhi bwana, nikatafsiri, “Wanashukuru sana.”

Kiangazi ziwa likakauka. Lori likabaki kwenye matope, limeliwa na kutu, mbuzi wakijikuna. Mhunzi akaniuliza, “Mkalimani, samaki wako wamesafiri na lori gani?” Watu, waliokwisha jua nilivyopotosha maneno yao, wakacheka, wakanisamehe, wakaenda kulima kwa majembe yaliyolika.

Sitarudi.

Babu yako