Mama Hakuandikwa

Ghorofa ya Pili, Soko la Viatu,
Barabara ya Zhanxi,
Guangzhou.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Abdulwakil,

Assalaam aleykum. Hujambo? Wifi yangu Kauthar na watoto wawili hawajambo? Mimi mzima, ila miguu imevimba. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yameisha wiki hii, na nimewatembeza wateja wa Dar kwenye kumbi zile mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Kiatu chenyewe nilikitoa dukani kwangu, basi sina wa kumlaumu.

Salamu zimekwisha. Sasa tuseme.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani unatania. Eti nimchukue mama akae kwangu miezi mitatu "mpaka nyumba ipite". Ebo! Mama ni katoni ya kuhamishwa godauni?

Uliponipa habari ya nyumba hiyo ya huko kwenu Iowa, Marekani, nilifurahi mno. Vyumba vinne, mahindi pande zote, na serikali inawadhamini kwa mkopo wanaonunua huko shamba hata kama hawana cha kutanguliza. Nikamsifia kila mtu hapa sokoni kwamba mdogo wangu kapata akili. Leo naona aibu kuwatazama.

Kauthar kanieleza yote, na ole wako umgombeze. Kwenye fomu umejaza kwamba mko wanne. Mama, anayelala chumba kimoja na wanao, hukumwandika. Siku mtu wa mkopo alipokuja kuwasainisha karatasi, ukampeleka mama kwenye chumba cha kufulia cha jengo, akakaa saa nzima na ushungi wake katikati ya mashine. Astaghfirullah! Huna haya, Abdulwakil? Huyo ndiye aliyekuzaa.

Na umepata nini? Umenyimwa hata kabla barua yako haijanifikia. Mshahara wako umezidi kiwango cha familia ya watu wanne. Kauthar alipouliza akaambiwa kwamba familia ya watano huwekewa kiwango cha juu zaidi, na mshahara wako ungepita bila tatizo. Yaani yule uliyemficha ndiye angekupatia nyumba. Mjanja kweli wewe! Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ujanja huo najua umeutoa wapi, na hapa kalamu inanilemea. Ile miaka miwili uliyonisaidia dukani, laoban, yule bosi wa kiwandani, akitupakilia jozi elfu tatu, mimi nilikuambia uandike elfu moja na mia mbili, ili ushuru upungue. "Andika kidogo, ulipe kidogo." Nilikufundisha huku nacheka. Sikujua namfundisha mpumbavu asiyeweza kutofautisha viatu na mama yake. Nawadharau wote wawili, mwanafunzi na mwalimu wake.

Sasa sikiliza. Mama haji Guangzhou. Jumatatu nenda kwa yule mtu wa mkopo, mwambie kwa mdomo wako kwamba ulidanganya, kisha ujaze upya: watu watano. Wakikukatalia, ni halali yako. Wakikukubalia, anayeuza nyumba kasema atangoja hadi mwisho wa mwezi, basi usilete maringo.

Nisalimie Kauthar, umwambie kitambaa chake nimekipata soko la nguo la Shisanhang, cha rangi ileile aliyoitaka. Wabusu watoto. Mume wangu Ghalib anakusalimu pia, ingawa alipoisoma barua yako alitikisa kichwa tu, akatoka nje.

Salamu za mama sikuletei, kwa kuwa mnaishi naye. Lakini jana nilimpigia simu, nikamweleza kila kitu kuhusu fomu, maana wewe hukuthubutu. Nilitegemea akulaani. Hakukulaani. Alisema tu, "Mwambie aniandike. Hata nyumba ikikosekana, aniandike."

Mungu akujaalie nyumba hiyo, na kabla ya nyumba akujaalie haya.

Dada yako akupendaye, ingawa leo kwa taabu,
Chausiku