Mfungo wa Beki wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Kona tena leo. Kona mpaka jua limezama nyuma ya maktaba ya chuo. Kocha Nomsa anapiga mwenyewe, mimi namkaba Thandeka, Thandeka anaruka, kichwa, goli. Tunarudi, tunaanza upya. Nimechoka kumtazama yule dada kutoka chini.

Kichwa changu kinamfika begani. Wenzangu wameshanipa jina: Spaza. Eti kama yale maduka ya dirishani kwenye nyumba za watu, madogo lakini hukosi kitu. Thandeka ndiye aliyelianzisha, na alidhani ananisifu. Sijamwambia kwamba linaniuma.

Kocha aliniona mwaka jana nikicheza na wavulana uwanja wa Bez Valley, ndiyo maana niko kwenye majaribio. Wapya tuko wengi. Nafasi kwenye kikosi cha mashindano ya vyuo ni chache. Tarehe 15 kuna mechi ya mchujo, Jumatatu yake anasoma majina. Nataka ile jezi kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Naona haya kuandika hivyo hata hapa ambapo hakuna anayesoma.

Baada ya mazoezi akanipandisha kwenye mizani mbele ya watu. Akaguna. Kukurefusha siwezi, akasema, lakini nyama naweza kukuongezea. Mayai, maharagwe, maziwa, pap, ule ugali wa huku, asubuhi na jioni, kila siku mpaka siku ya mechi. Akataka nimuahidi. Nikaahidi.

Jumatano, 5 Machi

Nakula. Nakula kama vile nimeajiriwa kula.

Papa anarudi asubuhi kutoka lindo lake Troyeville, buti bado miguuni, anachemsha mayai kwenye jiko tunalotumia na nyumba nzima. Ananimenyea.  Papa akisema sentensi mbili kwa siku, ujue kuna msiba.

Jioni ni zamu ya Mama. Anatoka saluni kule Malvern miguu imevimba na bado anapika sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu. Halafu anaomba. Mama akiombea chakula anapita kwanza Uvira, mji tulikotoka, anawataja shangazi na wajomba mmoja mmoja, anarudi na serikali ya huku, anamalizia na wateja wake. Chakula kinapoa. Leo kilipoa mpaka mafuta yakaganda juu ya sombe. Nimekula hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeelewa kitu.

Nimekuwa nikiruka pamoja na Thandeka. Upumbavu mtupu. Nikiruka naye nitashindwa mpaka Yesu arudi. Kazi yangu ni kufika kabla hajajikunja magoti, nimwekee mwili pale anapotaka kukanyaga, asipate pa kurukia. Si faulo. Ni kuwahi tu. Inataka miguu yenye nguvu na hatua moja ya haraka sana.

Kona tatu mfululizo hakugusa mpira. Akanigeukia akasema eish, wewe Spaza. Kocha akasema sharp, yaani safi, akaandika kitu. Nimerudi nyumbani Bellevue kwa miguu ingawa kulikuwa na mawingu ya mvua. Nina furaha. Mwili unanitii.

Jumapili, 9 Machi

Nina hasira.

Leo kanisani Mama amesimama wakati wa maombi ya pekee. Amesema binti yake Mapendo ana jambo Jumamosi, jambo kubwa, wakubwa wa chuo watachagua, na binti yake ni mdogo wa mwili. Watu wakasema amina. Wengi wao wamenijua tangu nifike hapa nikiwa nimebebwa mgongoni. Mchungaji akafumba macho kidogo, akatangaza: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, kanisa zima linafunga kwa ajili ya Mapendo. Mfungo mkavu. Hakuna chakula, hakuna maji, mpaka saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi. Na mwenye jambo awe wa kwanza.

Wakapiga makofi. Mama alilia. Mama Asukulu, kiongozi wa waombezi, mwenye sukari na miguu mibovu, akanikumbatia akasema atafunga na yeye.

Utamwambia nini mtu kama huyo? Nilisema asante.

Jumatatu, 10 Machi

Mama hana mchezo na kufunga. Tulipokimbia Uvira Papa alipotea njiani. Mama hakujua kama yuko hai. Alifunga, nami mgongoni mwake, akafunga mpaka maziwa yakakauka, halafu asubuhi moja Papa akatokea kwenye foleni ya maji kambini. Hadithi hiyo nimeisikia tangu sijajua kuongea. Papa yuko pale, anamenya mayai. Nitabishana vipi?

Nimekula mara tatu leo. 

Jumatano, 12 Machi

Nilijaribu kumwambia Papa asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mwili ni wako. Mama alipoingia jikoni akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sikumwambia Mama chochote. Mimi ni mwoga. Ninaweza kumzuia Thandeka asiruke lakini siwezi kumwambia mama yangu neno moja.

Na tuseme ukweli wote. Kuna sehemu yangu inaogopa. Nikila kwa siri, na nikakosa nafasi, nitajua ni kwa nini.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kwanza. Kichwa kinagonga. Mazoezi yalikuwa mepesi, nikajikaza.

Papa amechemsha mayai kama kawaida. Ameyaacha mezani, ameyafunika na sahani.

Ijumaa, 14 Machi

Midomo imepasuka. Thandeka alinunua kota, ule mkate uliojazwa chipsi na achari, akanikatia nusu. Nikasema nimeshiba. Akaniangalia.

Kocha akaniuliza umekula leo. Nikasema ndiyo, Kocha. Akaniuliza tena, umekunywa maji. Ndiyo, Kocha.

Sijawahi kumdanganya kabla ya leo. Ilitoka kirahisi na hilo linanitisha.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika polepole.

Kipindi cha kwanza nilikuwa vizuri. Kweli kabisa. Winga wao hakunipita hata mara moja. Nikafikiri basi, Mama alikuwa sahihi, kuna nguvu inatoka mahali. Nikaanza hata kuona aibu kwa hasira zangu.

Baada ya mapumziko jua likawa kali. Ulimi ukawa kipande cha gunia. Nilisikia moyo wangu masikioni, sauti za wenzangu zikaja kwa mbali. Halafu kona. Thandeka alikuwa upande wa pili leo. Nilimwona anakuja, nilijua anataka kukanyaga wapi, nilijua kila kitu. Ile hatua moja. Niliituma miguu, miguu haikwenda.

Goli. Nikakaa chini kwenye nyasi. Sikuanguka, nilikaa. Uwanja ukawa unainama.

Kocha alikuja mbio na chupa ya maji, akaiweka mdomoni kwangu. Nikageuza uso. Nikasema mpaka saa kumi na mbili. Sijui kwa nini nilisema. Maji yalikuwa pale kabisa, baridi, na mimi nikakumbuka Mama Asukulu na sukari yake.

Hapo ndipo Kocha alipoelewa. Hakupiga kelele. Akasema: nilikuuliza jana. Thandeka alipiga magoti akaninywesha kwa nguvu, akisema bibi yake kule Zululand naye hufunga hivyo hivyo, kunywa, wewe kichwa ngumu. Nikanywa. Nikalia.

Nyumbani Mama akaniuliza mechi ilikuwaje. Nikasema ilikuwa mechi.

Jumapili, 16 Machi

Afadhali ningeugua.

Mama ametoa ushuhuda kabla ya majina kusomwa. Kwetu ndivyo inavyofanywa, unashukuru kwanza, kungoja matokeo ni kukosa imani. Waombezi walikuwa na kitenge chao cha sare, wakacheza mpaka madhabahuni. Mchungaji akaniita mbele. Kipaza sauti kilikuwa juu ya kichwa changu, kaka mmoja akaja kukishusha, watu wakacheka kwa upendo. Nikasema namshukuru Mungu kwa kila jambo. Sauti ilikuwa yangu. Maneno sijui yalikuwa ya nani.

Mama alivyokuwa mzuri leo. Alinishika mkono njia nzima, hata tulipongoja robot, zile taa za barabarani, ili tuvuke, kama vile mimi bado mtoto.

Jumatatu, 17 Machi

Alisoma majina chumba cha kubadilishia nguo. Thandeka wa kwanza. Nilingoja mpaka la mwisho ingawa nilijua.

Akaniita pembeni. Akasema goli si tatizo, mabeki wote hufungwa. Urefu si tatizo, alinichukua akiniona nilivyo. Lakini mchezaji anayemdanganya kuhusu mwili wake ipo siku atamfia uwanjani, na yeye hawezi kwenda kumweleza mama wa mtu. Alisema taratibu. Heri angenifokea.

Sijui kama bado ninaruhusiwa mazoezini. Sikuuliza, niliogopa jibu.

Jumanne, 18 Machi

Nilikwenda saluni moja kwa moja kutoka darasani. Mama alikuwa anasuka. Mteja amekaa na simu yake.

Nikamwambia sikuchaguliwa. Akaanza kusema Mungu ana wakati wake. Hapo nikalipuka. Nikasema Mungu hayumo humu, ni njaa, ni njaa yenu iliyonitoa, mmenifungia mpaka mkaniangusha, kanisa zima mmesimama juu ya tumbo langu. Nikasema nilikaa chini kama mgonjwa mbele ya timu nzima. Mteja hajui Kiswahili lakini aliacha kutazama simu.

 Vidole vya Mama viliendelea. Akamaliza msuko ule mpaka ncha, akauchovya maji ya moto, akaukausha na taulo. Ndipo akasema, bila kunigeukia: mbona hukuniambia kwamba mwalimu wako alitaka ule?

Kweli. Sikumwambia. Alidhani ananipikia tu. Mimi nilidhani anajua, maana nani asiyejua kwamba mchezaji hula? Mama hajawahi kuniona nikicheza. Jumamosi ndiyo siku ya saluni.

Nikaondoka. Nimetembea Jules Street yote na mvua ikinipiga.

Alhamisi, 20 Machi

 Mama hakwenda kwenye maombi ya waombezi jana. Hilo halijawahi kutokea. Mama Asukulu alipiga simu, Mama akasema ana kichwa.

Nilidhani anafunga tena, nikakasirika upya. Kumbe hapana. Papa amesema Mama anakaa mbele ya sahani, na kwamba chakula hakishuki. Sentensi mbili nzima. Nimeogopa.

Jumamosi, 22 Machi

Mechi ya kwanza ya mashindano, uwanjani kwetu. Nilikwenda. Nilikaa jukwaani na nguo za kawaida. Kila kona mguu wangu ulisogea wenyewe chini ya benchi. Beki wa kushoto waliyemweka ni mrefu na ni mzito kugeuka. Sikumwombea mabaya. Karibu nimwombee.

Kipindi cha pili kimeanza, nikageuza macho, nikamwona Mama langoni. Jumamosi. Amefunga saluni. Amevaa kitenge cha waombezi na amebeba sufuria imefungwa kwa kitambaa, anauliza walinzi kitu. Hakuniona. Nilitaka kwenda, miguu ikakataa tena.

Alingoja mpaka kipyenga cha mwisho, amesimama muda wote, halafu akaenda kwa Kocha. Kiingereza cha Mama hakitoshi kununua kitunguu. Lakini Kizulu anacho, amekiokota kwa wateja miaka yote. Walikuwa mbali, sikusikia. Nilimwona anajigusa kifua. Akajigusa tena. Mama yangu, ambaye hajawahi kukubali kosa mbele ya mtu yeyote ila Mungu, alikuwa anajigusa kifua mbele ya mwanamke wa umri wa mdogo wake. Kocha akainamisha kichwa akimsikiliza. Akafungua ile sufuria, akachungulia, akasema kitu, na Mama akacheka kidogo huku anajifuta macho.

Nililia pale jukwaani. Thandeka alinipita akielekea kuoga, akaniwekea mkono kichwani, na hakuniita Spaza.

Kocha alinipita baadaye. Hakusimama. Jumanne, saa kumi, akasema, na ule kwanza. Mashindano haya nimeyakosa, hilo halibadiliki. Nimerudi na Mama kwenye teksi, sufuria iko kati yetu.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani Mama alisimama tena. Akawaambia binti yake hakuchaguliwa, na kwamba yeye alishukuru mapema na alifunga bila kuuliza. Basi. Akakaa.  Mama Asukulu akasema amina peke yake.

Mvua mchana. Papa hana zamu leo. Tulikaa watatu. Bugali, sombe, ndagala, na mayai matatu ambayo Papa aliyaweka katikati ya meza bila maelezo.

Mama akafumba macho. Nikainamisha kichwa, nikajiweka tayari kwa safari ya Uvira. Akasema: Bwana, asante. Kula, Mapendo.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshanisogezea sahani. Chakula kilikuwa bado cha moto.