Kikohozi cha Mtangazaji

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zikukute mzima huko Dar es Salaam. Sisi hapa Mutsamudu hatujambo. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, na goti langu bado lina kiburi.

Umeniuliza, kwa vile unasomea uandishi wa habari, kama redio huzitendea haki sawa serikali zote. Umenichanganya, mwanangu. Mimi nalijua koo la shemeji yangu tu.

Mume wa dada yangu alikuwa mtangazaji wa redio mjini Moroni, nami niliishi nao huko, mtaa wa Badjanani. Serikali ya mapinduzi ilipopiga marufuku harusi kubwa za mila, yeye ndiye aliyetusomea habari hiyo. Kabla ya kusoma alikohoa kidogo. Na yeye mwenyewe alimwoa dada kwa harusi kubwa! Dada akasema, "Akikohoa, ujue haamini." Basi tukawa tunasikiliza kikohozi kuliko habari.

Mamluki wa Kizungu wakaja, serikali ikaanguka. Tukaizunguka redio, tukijua leo atasoma koo likiwa safi. Akatangaza kwamba harusi kubwa ni heshima yetu na kwamba waliotutawala jana walikuwa wapotovu. Akakohoa vilevile! Matangazo ya vifo tu ndiyo aliyoyasoma bila kukohoa.

Siku moja tukila, nilimwuliza, "Shemeji, kwani serikali ipi uliitendea haki?"

Akalirudisha tonge sahanini. Akakohoa kwanza, ndipo akanijibu:

"Mimi? Ni vumbi la studio tu, shemeji."

Nimwamini?

Bibi yako